Seli Zilizokataa Kuzimika

Soko la samaki lina adabu zake, na ya kwanza ni kwamba mtu haendi pale kununua barafu. Barafu ni ya samaki, samaki ni wa mteja, na mteja hulipa akaondoka. Ndiyo maana siku ile dada mmoja aliposimama mbele ya kibanda cha kona, gauni la kijani limempendeza kiunoni, kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani, boksi la plastiki la buluu mkononi, akasema anataka barafu tupu, foleni nzima ilinyamaza kumsikiliza.

"Barafu na samaki gani?" aliuliza mama muuza samaki, aliyefunga aproni ya mpira na mwenye sauti ya kusikika hadi kwenye vibanda vya nyama.

"Bila samaki, mama."

"Bila samaki." Mama aliyarudia maneno hayo taratibu. "Sasa mwanangu, nikikupa wewe barafu, hawa wangu watalalia nini?"

"Mashine yetu ya barafu kazini imeharibika. Nina vitu vyangu vitaoza nisipopata sasa hivi."

"Vitu gani?"

Dada alisita. "Hamira."

Watu walicheka. Hamira huuzwa dukani kwenye pakiti, hukaa kabatini mwaka mzima, haijaomba barafu hata siku moja. Dada akaona haya, akainamisha uso, na huo uso ulioinama ndio uliomponza kijana aliyesimama nyuma yake.

Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, shati jeupe limefungwa vifungo hadi kooni, miwani imemteleza puani. Mama yake alikuwa amemtuma samaki. "Mama," alimwambia muuza samaki, "mimi nipe hao wawili wakubwa. Barafu yangu yote mpe huyu dada."

"Na samaki wako?"

"Sikai mbali. Nitatembea haraka."

Alikuwa anadanganya. Kwao kulikuwa mwisho wa jiji, na jua lilikuwa utosini. Lakini alishalichukua boksi la buluu mikononi mwa dada bila kuomba ruhusa, akalijaza hadi kifuniko kikagoma kufunga.

"Sikuhitaji yote hiyo," dada alisema.

"Nimeona tu kwamba unahitaji."

Dada aliipenda kauli ile. Msomaji, iweke akilini kauli hiyo, kwa maana ndiyo iliyowakutanisha na ndiyo itakayowatenga.

"Asante, kaka. Hata sijui nikuite nani."

"Utaniita utakavyopenda tukionana tena."

"Tutaonana wapi?"

"Mashine ikiharibika."

Dada akaondoka akitabasamu, boksi kifuani, maji ya barafu yakimlowesha gauni. Kijana naye alifika kwao alasiri. Mama yake alifungua mfuko, akanusa, akamtazama mwanawe kwa huruma. "Hawa samaki wako, baba, wamekufa mara mbili."

*

Milima haikutani, binadamu hukutana. Wiki haikuisha kabla Profesa, mama mmoja mfupi, mkuu wa maabara ya Taasisi, hajaingia na mgeni nyuma yake. "Huyu ametoka idara ya hisabati," alisema. "Nimemwomba atuandikie milinganyo ya hamira zetu. Nani atamwonyesha kazi?"

Dada aliinua uso kutoka kwenye hadubini. Leo alikuwa na koti jeupe la maabara, na chini yake gauni la maua madogo.

"Mimi nitamwonyesha," alisema haraka mno.

Profesa alipotoka walibaki wakitazamana.

"Kwa hiyo ni wewe, Barafu," alisema kijana.

"Na wewe ni Hesabu. Karibu, Bwana Hesabu. Samaki walifikaje?"

"Salama kabisa."

"Muongo."

Majina hayo yaliwakaa tangu siku hiyo, hata Profesa akawa anawaita hivyo akijisahau.

Dada alimwekea kijana kiti mbele ya hadubini. Hamira, alimweleza, ni seli hai kama zako na zangu, na ndani ya kila seli mna jeni za kila kazi. Ila jeni hazifanyi kazi zote kwa wakati mmoja. Mwenye nyumba hapiki kama hana mgeni. Ipo jeni ya kula sukari fulani ya kwenye maziwa: sukari ikiwepo, jeni inawashwa, ikiondolewa, inazimwa. Yeye alikuwa ameifungia jeni hiyo protini inayong'aa, ili ikiwaka aione kwa macho. Kijana aliinama, akaona uwanja mweusi uliojaa vidoto vya kijani.

"Ni nzuri," alisema.

"Wewe hujaona chochote bado. Ngoja niwaoshe sukari uone wanavyozimika."

Kazi ya kijana ilikuwa kuandika yote hayo kwa hesabu. Alichukua kalamu ya ubaoni, akachora pipa. "Protini inayotengenezwa ni maji yanayoingia kwa bomba. Inayopotea ni maji yanayotoka kwa tundu. Toa hiki kwenye kile, unajua pipa litajaa lini na litakauka lini."

"Yaani maisha yote ya seli ni pipa?"

"Kwa kuanzia."

"Na maisha yako?"

"Yangu yalikuwa pipa," alisema, masikio yakimwiva, "mpaka niliponunua samaki."

Mapenzi yalianza hivyo, kwa utani, yakaendelea hivyo. Mchana walikuwa wakienda pamoja kwenye mkahawa wa Taasisi, wenye viti vya chuma na feni inayopiga kelele. Siku ya kwanza bakuli la sukari lilikuwa limeingiwa na sisimizi, dada akalisukuma pembeni. Kijana akaona. Siku ya pili alimwagizia mapema: "Chai moja ya sukari, na moja bila." Dada alifungua mdomo aseme, kisha akaufunga. Ukweli ni kwamba chai alikunywa na vijiko viwili tangu utotoni. Lakini pale mezani aliona mtu anayemwangalia kiasi cha kujua anachokipenda, na akaogopa kumharibia furaha. Akainywa ile chai chungu, kesho yake akainywa tena, na miezi ikapita.

Jioni zilikuwa za simu.

"Haloo, Barafu."

"Nani mwenzangu?"

"Kwani mko wangapi mnaopigiana saa hizi?"

"Wapo wengi, hebu jitambulishe vizuri."

"Mimi yule wa samaki waliokufa mara mbili."

Dada alikuwa akicheka mpaka mama yake, aliyelala chumba cha pili, akohoe kwa makusudi. "Nimekukumbuka, mpenzi," akasema kwa kunong'ona. "Tumeachana saa ngapi vile?"

"Sasa hivi tu. Na mimi nimekukumbuka."

Ikaja barua pepe kutoka taasisi ya jiji jingine, safari ya treni ya kutwa nzima. Walimtaka dada akafanye kazi kwao: maabara yake mwenyewe, hadubini mpya, miezi michache ya majaribio, kisha mkataba wa miaka miwili akipenda. Aliisoma, akaifunga, hakumwambia mtu. Alishaamua kuikataa kwa sababu ya kijana, na kijana hakujua kwamba kuna kitu kimekataliwa kwa ajili yake. Mtu akiniuliza mimi, nitasema kwamba hawa wawili walikuwa wamefanana mno: kila mmoja alimtendea mwenzake mema kimyakimya.

*

Mama yake dada alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Dada akawa anashinda maabara na kulala hospitali kwenye kiti cha mbao. Katika siku hizo hizo aliwaosha hamira wake sukari kama kawaida, akasubiri wazimike. Wengi walizimika. Wachache hawakuzimika.

Aliwatazama saa baada ya saa. Walikuwa wametawanyika katikati ya wenzao waliozimika, wanang'aa peke yao, wanagawanyika, na watoto wao wanang'aa. Aliwapa jina: wabishi. Aliituma data yote kwa kijana, akampigia simu kutoka kwenye korido ya hospitali, uchovu na furaha vimechanganyika sautini.

"Kuna kitu humo ndani kitakufurahisha, Hesabu."

"Kitu gani?"

"Sikwambii. Utakiona mwenyewe."

Kijana alikiona, akafadhaika. Kwa pipa lake, hakuna seli inayoweza kubaki inawaka bila sukari. Akaangalia tarehe: ni zile siku za hospitali. Akilini akamwona mpenzi wake akisinzia wima, akisahau kuosha vyombo fulani, sukari ikibaki. Akawaza Profesa atakavyosema mbele za watu. Basi akafanya alichokiona ni upendo: akawatoa wale wachache kwenye data, mmoja mmoja, grafu ikanyooka. Na lile lililotakiwa kumfurahisha akadhani ndio huo unyofu wa grafu.

Siku ya kuwasilisha, ukumbi ulijaa. Kijana alivaa suti ya kijivu aliyochaguliwa na mama yake. Dada alikaa safu ya mbele, gauni la zambarau chini ya koti la maabara, hereni ndefu, moyo ukimwenda mbio kwa kungoja wabishi wake waonekane ukutani. Grafu ikaonyeshwa. Ikapanda, ikashuka, ikafika chini kabisa na kutulia. Profesa alipiga makofi wa kwanza. Dada hakupiga.

Alimngoja koridoni, karibu na dirisha.

"Wabishi wangu wako wapi?"

"Wabishi gani?"

"Seli zilizobaki zinawaka. Nilikutumia."

"Ah, zile." Alishusha sauti. "Zile niliziondoa, mpenzi. Usijali, hakuna aliyejua."

"Aliyejua nini?"

"Ulikuwa hulali, Barafu. Mtu yeyote anaweza kusahau kuosha. Sikutaka Profesa aone. Nilikuwa nakustiri."

Dada alipozungumza, sauti yake ilikuwa tulivu kuliko kawaida, na hilo lilimtisha kijana kuliko kelele.

"Anayestiriwa ni aliyekosa. Mimi nimekosa nini?"

"Sikusema umekosa..."

"Umesema. Umesema kwa kufuta. Nilikaa na zile seli mpaka macho yakauma, na mama yangu amefungwa bandeji hanioni. Hukuweza kupiga simu ukauliza neno moja? 'Uliosha?' Ningekwambia nimeosha, na nikaosha tena."

"Sikutaka kukuuliza swali la kukuumiza."

"Basi umeniumiza bila kuuliza."

Laiti kijana angesema "nisamehe" pale pale, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini mtu aliyetenda kwa nia njema huwa mzito kuomba radhi. Huona amedhulumiwa yeye. "Pengine ni kweli hukuosha vizuri," alisema. "Hesabu haiwakubali."

Dada alivua koti la maabara akiwa anatembea. Jioni ile aliifungua ile barua pepe ya jiji jingine, akajibu kwamba anakwenda.

*

Aliondoka na mama yake, mwenye miwani mipya ya kiza. Kwa kijana alituma ujumbe mmoja: "Nimefika salama. Mama anakusalimu." Alikuwa ameuandika na kuufuta mara nyingi, akiacha mlango wazi kadiri alivyoweza bila kujishusha. Kijana aliusoma akaona ni kuagwa. Akajibu: "Asante. Msalimie sana." Dada akasoma hayo, akaona kweli yameisha. Heshima nyingine ni ukatili tu uliovaa vizuri.

Chumba chake kipya kilikuwa juu ya duka la fundi cherehani. Asubuhi mashine zilianza kulia chini ya kitanda, naye akawa anaamka amekwishamkumbuka kijana kabla hajakumbuka yuko wapi. Alichokikumbuka ni vitu vidogo: miwani inayoteleza, shati lililofungwa hadi kooni hata wakati wa joto, jinsi alivyosema "kwa kuanzia" kana kwamba wana muda wote duniani. Mchana wa kwanza kwenye mkahawa wa huko, mhudumu alimuuliza, "Sukari, dada?" Sasa alikuwa huru kuweka hata vijiko vitano. "Bila," alisema. Akainywa ile chai chungu, machozi yakimlengalenga, na mhudumu akadhani ni ya moto.

Mama yake aliiona hali. "Mpigie," alisema.

"Anipigie yeye, mama. Aliyefuta ni yeye."

"Mimi nimetoka kuondolewa ukungu machoni. Nyinyi bado mnao."

Upande wa pili, kijana alikuwa amerudia kununua samaki. Muuza samaki alimuuliza yuko wapi mchumba wake wa barafu, akajibu amesafiri. Nyumbani mama yake alifungua mfuko, akanusa, akaguna. "Tangu uanze kuleta samaki wabichi, baba, nyumba hii imepoa."

Hakuwa na picha nyingi za dada. Alichokuwa nacho ni zile seli alizozifuta, maana hakuzifuta kabisa; alizihifadhi pembeni. Alianza kuzifungua mchana wakati wenzake wakienda kula. Hakuzifungua kwa kazi. Alizifungua kwa sababu zilipigwa na mkono wa dada, picha baada ya picha, na pembeni ya kila picha palikuwa na saa aliyokuwa amekaa pale, macho yake yakiangalia kile ambacho kijana anakiangalia sasa. Ni njia ya ajabu ya kumkumbuka mtu, lakini kila mwenye upweke ana yake.

Mchana mmoja akaona kitu ambacho mwenye hasira asingekiona. Mbishi alikuwa anang'aa. Jirani yake, aliyegusana naye kabisa, alikuwa mweusi. Akaenda kwenye picha nyingine. Huko nako hivyo hivyo. Aliweka kalamu chini. Sukari ingekuwa imebaki, ingewalisha wote. Sukari haichagui jirani. Angeuliza swali moja tu siku ile, tena hata si kwa dada, kwa hizo picha zenyewe, angejua kwamba mikono ya dada ilikuwa safi.

Alikaa na aibu yake kwa muda, kisha akafuta lile pipa ubaoni. Kama sukari haipo, nani anaiwasha jeni? Akajaribu kuandika kwamba protini inayotengenezwa hurudi kuiwasha jeni ile ile iliyoitengeneza. Maji yaliyomo pipani yanafungua bomba. Mlinganyo ukampa majibu mawili badala ya moja. Katika hali ile ile, bila sukari, seli inaweza kukaa gizani milele, au ikabaki inawaka; kinachoamua ni kama iliwahi kulishwa ikajaa vya kutosha. Ukiitazama ilivyo leo tu huelewi. Lazima ujue ilikotoka.

Alimwomba Profesa ukumbi ule ule.

"Mara ya mwisho niliwaonyesha grafu safi," alisema mbele ya watu, bila suti, shati limelegea kooni. "Usafi ule niliufanya mimi. Niliondoa seli za mwenzangu nikidhani amekosea. Alikuwa sahihi. Aliyekosea ni mimi, na jina linalopaswa kutangulia kwenye kazi hii ni lake."

Profesa aliinua mkono. "Wakati unaziondoa, ulimuuliza mwenyewe?"

"Sikumuuliza."

"Na haya uliyotuambia leo, umemwambia?"

"Bado."

"Sasa mwanangu, unatuambia sisi ili iweje?"

*

Alipiga simu akiwa bado kwenye ngazi za ukumbi. Dada alikuwa maabarani kwake. Mbele yake, kwenye hadubini mpya, kulikuwa na hamira wapya aliowaosha mbele ya mashahidi, na katikati yao wabishi wapya wanang'aa. Alikuwa amewaona tangu asubuhi. Duniani kote alitaka kumwambia mtu mmoja tu, na mara mbili alikuwa amelitafuta lile jina kwenye simu akaliacha. Sasa lile jina lilikuwa linamlilia lenyewe.

"Haloo."

"Barafu. Ni mimi."

"Mimi nani?" Alikusudia utani, sauti ikakatika.

"Nina swali."

"La hesabu?"

"Naweza kuja?"

Tangu amfahamu, dada hakuwahi kumsikia akiuliza swali ambalo hakuwa amekwisha kujijibia mwenyewe.

"Njoo," alisema.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya treni, kijana alisimama kwenye kibanda cha kona na boksi la buluu lililobaki maabara.

"Barafu tupu," alisema.

"Bila samaki?"

"Bila samaki, mama."

Muuza samaki alilijaza hadi kifuniko kikagoma. "Nenda," alisema. "Na usitembee haraka. Panda gari."

Treni ilitembea kutwa nzima. Barafu ililia taratibu miguuni pake, akawa anamwaga maji kila kituo kikubwa. Alipofika, jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Dada alikuwa amemngojea kwenye mkahawa wa stesheni, gauni la kijani, lile lile la soko la samaki. Amekonda kidogo. Na yeye amekonda. Kila mmoja aliuona wembamba wa mwenzake akaona raha na uchungu kwa pamoja.

Aliweka boksi mezani. Dada alilifungua. Ndani mlikuwa na maji, na kipande kimoja cha barafu kisichozidi kidole gumba.

"Ilikuwa imejaa," kijana alisema.

"Naamini."

"Uliosha. Nimekuja kukwambia kwamba uliosha. Nimewaambia wote, lakini nilipaswa kuanza na wewe. Nisamehe. Si kwa hesabu, hesabu mtu hukosea. Nisamehe kwa kutokukuuliza."

Dada aliangalia kile kipande kikielea. "Na mimi sikukwambia," alisema. "Ningeweza kusema kwenye simu siku ile, nimeona kitu cha ajabu, nimeosha, hebu kitazame. Nikakufanyia fumbo. Nilizoea kwamba unajua bila kuambiwa."

Mhudumu alifika. Kijana alifungua mdomo kuagiza kama kawaida yake, akaufunga. Akamgeukia dada.

"Chai yako unakunywaje?"

Dada alianza kucheka, kisha akashika uso kwa mikono miwili. Mabega yalikuwa yanatikisika, na mhudumu hakujua kama aende au abaki.

"Vijiko viwili," alisema alipoweza. "Vya kujaa. Tangu nimezaliwa."

"Viwili? Na muda wote ule..."

"Muda wote ule. Chungu kama dawa."

"Kwa nini hukusema?"

"Hukuuliza. Na ulikuwa unaagiza kwa furaha."

Walikunywa chai. Dada alikoroga sukari yake polepole kama mtu anayerudi nyumbani. Alimweleza kuhusu wabishi wapya. Kijana naye alimweleza kuhusu maji yanayofungua bomba. Walichora kwenye kitambaa cha karatasi, vichwa vikigusana, na kwa kitambo hawakuwa watu waliowahi kuumizana.

"Nina swali la pili," alisema kijana.

"Uliza."

"Utakubali nikuoe?"

Dada alinyamaza. Zamani kijana angeujaza ukimya ule mwenyewe kwa jibu alilolitaka, au kwa jibu aliloliogopa. Sasa aliweka mikono mezani, akangoja. Treni iliingia, watu wakashuka, wakapungua. Bado alikuwa anangoja.

"Asubuhi hii nimesaini mkataba," dada alisema. "Miaka miwili. Nilisaini kabla hujafika, kwa makusudi. Nilijua nikishakuona nisingesaini, na kazi hii naipenda."

"Vizuri."

"Umenisikia? Miaka miwili hapa, na wewe kule."

"Nimesikia. Sikuuliza utakaa wapi."

Dada alisogeza kikombe pembeni. "Ndiyo," alisema. "Nitaolewa na wewe, Hesabu. Ila utaningoja."

"Nitakungoja. Sukari imeondolewa miezi yote hii, si unaona bado nawaka?"

"Wewe ni mbishi."

"Mwenyewe ndiye uliyenilisha."

Treni ya kurudi ilikuwa ya jioni hiyo hiyo. Kesho yake kijana alikuwa na darasa la kufundisha. Dada alimsindikiza hadi kwenye behewa, akamfunga kifungo cha juu cha shati kilicholegea, akalibakiza boksi la buluu kwake. Kijana alipanda, akakaa dirishani. Kioo hakikufunguka. Walibaki wakitazamana, yeye ndani, dada jukwaani na boksi kifuani, na yale maneno yote waliyokuwa nayo mezani yakawapotea.

Simu ya kijana ikalia.

"Haloo," alisema, akimwona pale nje na simu sikioni.

"Nani mwenzangu?"

"Treni haijaondoka, Barafu. Nakuona."

"Najua. Nimeanza kukukumbuka mapema, nisije nikachelewa."

Behewa lilitikisika. Dada akaanza kutembea nalo sambamba, taratibu, kisha haraka, maji ya boksi yakimlowesha gauni kama siku ile, mpaka jukwaa likaisha. Wakaendelea kuongea mpaka mtandao ukakata.